Jina Nisiloliandika

Siku tuliyomzika Mwaura, watu waliofika kwake Kalimoni walikuwa wengi kuliko viti, na nusu yao hawakuwahi kumwona kwa macho. Walimjua kwa sauti tu. Mama mmoja aliyeketi nyuma yangu alimnong'oneza mwenzake akimwuliza kama yule kwenye picha iliyowekwa juu ya jeneza ndiye kweli, maana miaka yote yeye alimdhania mtu mnene. Mwenzake akamjibu kwamba redioni kila mtu ni mnene. Niliombwa niseme machache kwa niaba ya watangazaji wa zamani, nikasema yale ambayo husemwa: kwamba alikuwa mcheshi, kwamba alichelewa kila mahali isipokuwa hewani, kwamba mimi kazi alinifundisha yeye. Nilipomrudishia mchungaji maikrofoni ndipo nikamwona Salim. Alikuwa amesimama langoni, mbali na hema, kofia nyeupe kichwani na mikono nyuma. Hakutia udongo kaburini wala hakupanga foleni ya chakula. Kaburi lilipojaa aligeuka akaondoka bila kumpa mtu mkono. Nilijua kwa nini mimi sikuwa nimemtafuta Salim kwa zaidi ya miaka ishirini. Sikujua yeye alikuwa amekuja kuhakikisha nini. Swali hilo lilinifuata jikoni, kanisani na sokoni wiki nzima, na ndilo linalonifanya niandike juu ya mwaka ambao kila nikisimulia maisha yangu huwa nauruka.

Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza redioni. Jina la kituo nitaliacha. Kilifungwa zamani na vyumba vyake sasa vinauza simu. Wakati huo tulikuwa orofa ya tatu mjini Thika, juu ya duka la magodoro. Studio ilikuwa chumba kilichobandikwa trei za mayai ukutani ili sauti isirudi, na blanketi la kijivu lilining'inia mlangoni. Kando yake, nyuma ya kioo, palikuwa na mitambo, na hapo ndipo alipokaa Salim, fundi wetu, kijana wa Majengo aliyeweza kufufua mashine yoyote kwa bisibisi na subira. Mwisho wa ujia kilikuwa chumba cha simu. Hicho kilikuwa changu. Kilikuwa na meza, kiti, simu mbili, dirisha dogo lililotazama paa za mabati, na daftari lenye jalada gumu jeusi. Mtangazaji akiwa kitini mwake aliweza kuona mlango wangu kupitia kioo, kwa hiyo Mwaura aliponitaka nimpe mpigaji mwingine aliinua kidole tu. Aliyetuongoza sote aliitwa Madam Rose, mama aliyevaa miwani kifuani zaidi ya alivyoivaa machoni. Saa nne kamili aliagiza chai na mandazi, na tulikunywa pamoja ujiani, tumesimama, Salim akitupokeza vikombe kwa sababu ndiye aliyekuwa mrefu na hakumwaga.

Kipindi kilichotupa jina kilikuwa cha asubuhi. Watu walipiga simu kulalamika: mwenye nyumba amekata maji, mkuu wa soko anadai kitu kidogo, barabara imekuwa mto. Mwaura alikuwa na namna ya kumsikiliza mtu hadi mtu huyo akasahau kwamba anasikilizwa na mji mzima. Hewani hakumtaja yeyote kwa jina. Alisema "rafiki yetu wa Juja" au "mama wa Makongeni". Lakini kabla ya kuunganishwa, kila mpigaji alipitia kwangu, nami niliandika kwenye daftari jina lake kamili na anakotoka. Madam Rose alitaka hivyo, ili siku tukiitwa mahali kujieleza tuwe na ushahidi kwamba watu hawa si wa kubuni. Niliwaambia wapigaji kwamba majina yao hayatoki chumbani humo. Niliamini hivyo kabisa, nikasema kwa sauti hii hii ambayo leo watu wananisimamisha nayo dukani kuniambia kwamba iliwalea.

Nilipanga chumba Kiuu, Ruiru, pamoja na Wambui, rafiki yangu tangu chuo cha uhazili. Kilikuwa chumba kimoja tulichokigawa kwa pazia, vitanda upande huu, jiko la mafuta na sufuria upande ule. Anayefika kwanza alipika. Wambui alikuwa mpishi mzuri kuliko mimi. Alijua kukaanga githeri ya jana, yale mahindi na maharagwe ya kuchemsha, na kitunguu na karoti mpaka majirani wabishe hodi wakisingizia chumvi. Alifanya kazi ya kupiga chapa katika ofisi ya kampuni ya maua pale Ruiru mjini, kampuni iliyokuwa na mashamba upande wa Juja. Tulikula tukiwa tumekaa vitandani, sahani magotini, na yeye aliniambia za bosi wake, jinsi anavyotafuna kalamu na jinsi anavyomwita kila mfanyakazi "wewe". Mimi nilimwambia za redioni. Kila jioni alianza yeye: "Haya, leo nani amelia?" Nami nilimwigizia wapigaji mmoja mmoja, tukacheka mpaka chai ikapoa. Anayesoma hapa bila shaka ameona tayari kile ambacho mimi sikukiona. Nami ninapoandika nakiona, na najiuliza kama kweli sikukiona au sikutaka, kwa sababu nilipenda sana kusikilizwa.

Mwezi wa nne alipiga mwanamke mmoja wa Kalimoni aliyeitwa Wanjiku. Alikuwa mfanyakazi wa maua. Alisema wanaingizwa kwenye nyumba za plastiki dawa ikiwa bado imening'inia hewani, kabla saa za kungoja hazijaisha, na kwamba mwenzake mmoja mimba imeharibika. Hakulia. Alisema kama anayesoma orodha, na Mwaura alimwacha aseme bila kumkatiza. Siku tatu baadaye alitokea kituoni mwenyewe, amebeba aproni ya kazini ndani ya mfuko wa plastiki. Alipanda ngazi zote tatu akasimama ujiani tukiwa na vikombe mkononi.

"Nimefutwa," alisema. "Msimamizi ameniita mbele ya wengine akaniambia niende nikaongee redioni vizuri. Mimi nataka kujua tu. Nani hapa alisema jina langu?"

Madam Rose alimshika mkono akamwingiza ofisini, akafunga mlango. Sisi watatu tulibaki pale, na nakumbuka kwamba hakuna aliyemtazama mwenzake.

Tangu siku hiyo hewa ya kituo ilibadilika. Chai iliendelea kuja saa nne lakini kila mtu alichukua kikombe chake akaingia chumbani mwake. Daftari lilifungiwa kwenye droo na ufunguo ukakaa kwa Madam Rose. Mwaura aliacha mizaha yake ya kabla ya kipindi. Nilimwona akimtazama Salim kupitia kioo, na Salim akimtazama yeye, kila mmoja akiacha mwenzake anapogeuka. Niliwasikia siku moja, mlango ukiwa haujashika vizuri. Salim alikuwa akisema, "Wewe ndiye unakula nyama na hao wenye mashamba Jumapili." Mwaura akajibu kwa upole, "Nakula na kila mtu, Salim. Ndiyo kazi yangu." Mimi nilirudi kwenye simu zangu nikawa namshuku mmoja asubuhi na mwingine jioni. Hata mama aliyeleta mandazi nilimchunguza.

Madam Rose alituita mmoja mmoja, akaanza na mimi. Aliketi akifuta miwani.

"Njoki, daftari ni lako," alisema.

"Ndiyo, madam."

"Basi ni nani mwingine analiona?"

Nilikuwa na miezi minne kazini. Niliona jinsi alivyokuwa ananitazama na nikahisi tayari niko nje, na mfuko wangu wa plastiki mkononi. Nikasema, "Fundi Salim huingia chumba cha simu saa saba, sisi tukienda kula. Anafunga mlango."

Huo haukuwa uongo. Salim aliingia mle saa saba kusali, kwa sababu ndicho chumba pekee chenye mlango uliofungika na pembe iliyomfaa. Mkeka wake ulikaa umekunjwa nyuma ya kabati, na mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia auache pale usichafuke. Nilijua hayo yote nilipokuwa nimeketi mbele ya Madam Rose. Nilingoja aniulize anaingia kufanya nini. Hakuuliza, nami sikumwambia. Ijumaa Salim alipewa barua. Alikusanya vifaa vyake kwenye sanduku la mbao, akaja chumbani kwangu kuchukua mkeka, akaniambia, "Baki salama, Njoki. Hapa chunga mdomo wako." Alipopita mbele ya studio alisimama, akamtazama Mwaura kwa muda, kisha akashuka ngazi. Ndipo nilipofahamu kwamba hakujua ni nani aliyemtaja, na kwamba tayari amejichagulia mtu.

Mwezi uliofuata Madam Rose aliniambia kwamba nimeonyesha uaminifu. Alinipa nusu saa ya salamu alasiri. Nikaitwa Dada Njoki. Mara ya kwanza nilipojisikia kwenye redio ya kinyozi mmoja, nikipita njiani, nilisimama nikazisikiliza salamu zangu zilizorekodiwa hadi mwisho, nikiona aibu na furaha kwa pamoja. Wambui alipika chapati siku hiyo. Alimwambia kila jirani kwamba analala chumba kimoja na mtangazaji. Asubuhi niliendelea kupokea simu, lakini kwa amri mpya: nisiandike jina la mtu tena, mahali tu anapotoka. Droo ikafunguliwa, daftari likarudi mezani.

Kisha akapiga dereva wa trekta ya kunyunyizia dawa katika shamba lile lile. Alikuwa mwanamume wa makamo, mwenye kikohozi. Aliniambia jina lake kabla sijamzuia: Karanja. Sikuliandika popote. Niliandika "Juja" na saa. Hewani alisema wakubwa wamemnyima hata kitambaa cha kujifunika pua. Baada ya siku chache alipiga tena kutoka kibanda cha simu, akasema naye amefutwa, akamwomba Mwaura nje ya hewa. Mwaura alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni mwangu, waya wa simu umenyooka. Alipomaliza aliweka mkono wa simu chini polepole, akafungua daftari, akatafuta tarehe. Alisoma mstari ule mara mbili.

"Jina lake halimo," alisema.

"Halimo. Madam alikataza."

"Basi si daftari. Na Salim hayuko." Alinitazama, si kwa hasira, ila kama mtu anayemwomba mwenzake amsaidie hesabu. "Kwa hivyo ni mtu, Njoki. Bado yuko na sisi."

Nikasema, "Labda wamemjua kwa sauti. Ana kikohozi."

"Labda," akasema. Toka siku hiyo alianza kipindi kwa kuwaambia wasikilizaji wasitaje majina yao kwa yeyote kituoni, hata anayepokea simu. Alisema hivyo kila asubuhi kwa miaka mingi, mimi nikiwa upande wa pili wa kioo. Sijui alinishuku au la. Nilifanya naye kazi mpaka kituo kilipofungwa, alikuja harusini kwangu, na sikuwahi kujua.

Mimi nilijua jioni ile ile. Karanja alikuwa jina ambalo halikuandikwa, na kinywa changu kilikuwa kimelitoa mahali pamoja tu. Nilipofika Kiuu Wambui alikuwa ameinama akikatakata majani ya sukuma kwenye kibao. Sikuvua hata koti.

"Wambui, yule Karanja wa trekta, ulimtaja kwa nani?"

Hakuacha kukata. "Kwa bosi. Kwani?"

"Na Wanjiku?"

"Huyo pia." Sasa aliweka kisu chini, akajipangusa mikono. "Njoki, mimi nilidhani unajua. Kila jioni unakuja hapa unaniambia fulani amesema hivi, fulani amesema vile, na unajua vizuri mahali nafanya kazi. Ulidhani mimi nafanya nini na hizo habari, nazipika?"

"Nilidhani tunaongea tu."

"Walikuwa wananiandika miezi mitatu mitatu. Sasa nimepewa kazi ya kudumu. Na wewe umepewa kipindi." Akachukua kisu tena. "Tusiulizane sana."

Tulikula. Hilo ndilo jambo linalonisumbua kuliko mengine, kwamba nilivua koti, nikaketi kitandani kwangu, nikala ugali na ile sukuma. Nilihama mwisho wa mwezi, nikapata chumba Makongeni, na Wambui tukaachana bila ugomvi. Nilijiambia nitamweleza Madam Rose wiki ijayo. Wiki ilipofika nilikuwa nimeongezewa kipindi cha Jumamosi. Nilijiambia Salim ni fundi, hatakosa kazi. Mwaka ukaisha hivyo. Baadaye Madam Rose alifariki, na nikajiambia kwamba sasa hakuna wa kumweleza.

Wiki moja baada ya mazishi nilikwenda Majengo kuuliza duka la Salim. Mtoto wa shule angeweza kunionyesha; kila mtu anamjua. Anatengeneza televisheni, zile bapa za siku hizi, na zilikuwa zimeegemezwa ukutani kama vitabu. Ndevu zake zimekuwa nyeupe. Alinikaribisha kwa jina langu la redioni, akavuta kiti, akaniambia, "Huwa nakusikia. Sauti haijazeeka." Nilitazama uso wake nikitafuta kejeli ndani ya maneno yale. Nimekuwa mtu wa namna hiyo. Mtu akinisifu, nangoja analotaka.

Nilimweleza. Nilimweleza nilichomwambia Madam Rose na nilichomficha, na mkeka, na Wambui, na Karanja. Hakunikatiza. Bisibisi ilikuwa mkononi mwake muda wote, haigusi kitu.

"Kwa hivyo si Mwaura," alisema mwishoni.

"Si Mwaura. Hakujua chochote."

Nje mtu alikuwa akiuza maji kwa mkokoteni.

"Alikuja nyumbani wiki ile nilipofutwa," Salim alisema. "Akaleta sukari kilo mbili na majani ya chai. Akakaa kwa kiti changu akaniambia anasikitika. Mimi nikajiambia, huyu anasikitika hivi kwa nini? Mtu hajafanya kitu, analeta sukari ya nini? Mara ya pili alikuja sikumfungulia. Mara ya tatu akatuma mtu aniambie kuna mitambo kanisani kwao inataka fundi. Nikakataa. Tumekutana kwa barabara hapa Thika mara ngapi, ananiinulia mkono, mimi natazama duka." Aliweka bisibisi mezani. "Juzi nilienda Kalimoni nimwone akiingia chini. Hiyo ndiyo ilinipeleka. Wewe ulidhani nilienda kuomboleza?"

"Sikujua, Salim."

"Mke wangu alikufa akimwita msaliti. Mimi ndiye nilimfunza. Na binti yangu, Zainabu, alitaka kusomea utangazaji. Alikuwa na kipaji, walimu walisema. Nilimkataza. Nilimwambia watu wa redio wote ni akina Mwaura." Alitazama saa ya ukutani. "Ako famasi hapo ng'ambo. Saa saba ananiletea chakula. Keti umngojee. Hayo umeniambia, mwambie yeye."

"Nilikuja kwako, Salim. Kukuomba msamaha wewe."

"Nimekusikia. Mimi na wewe tutaongea siku nyingine. Lakini mimi siwezi kumwambia Zainabu. Nimemwambia ile nyingine maisha yake yote. Hataniamini."

Nikaketi. Zainabu alifika na chakula kwenye kikapu, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, koti jeupe la famasi mkononi. Aliponisikia nikiitikia salamu alisimama. "Wewe ni Dada Njoki," alisema, uso umemfunguka. "Nilikuwa nakusikiliza kwa jirani nikiwa mdogo, baba asijue." Salim akamwambia aketi, mgeni ana neno. Nilisema yote tena, na mara hii yalikuwa mafupi zaidi na mabaya zaidi. Alipanga vyombo mezani polepole nilipokuwa nikisema, kisha akaacha kupanga. Nilipomaliza hakunitazama mimi. Alimwuliza baba yake, "Kwa hivyo ile shule uliyonikatalia, sababu ni hiyo tu?"

"Ni hiyo," Salim alisema.

Zainabu alichukua koti lake, akatoka bila kutuaga. Salim hakufunua chakula. Aliniuliza kama niliwahi kumtafuta Wanjiku, yule wa maua, nikamjibu kwamba sikuwahi. Akatikisa kichwa kama mtu aliyekuwa ametarajia hilo. Kisha akasema, si kwangu hasa, "Kesho sijui kama ataleta."

Siku iliyofuata nilirudi Majengo kabla ya saa saba. Sikwenda dukani. Nilisimama ng'ambo ya barabara, kwenye kivuli cha duka la nafaka, nikijiona mpelelezi. Saa saba na robo Zainabu alitoka famasi na kikapu. Aliingia, akakiweka mezani, na badala ya kugeuka kama nilivyoogopa, akavuta kile kiti nilichokuwa nimekalia jana, akakaa. Hawakuwa wakizungumza. Salim alifunua chakula, na baada ya muda akaanza kula. Nilitazama mpaka nikahakikisha, kisha nikaondoka kuelekea Kalimoni. Nilikuwa na nyumba mbili za kubisha hodi huko, ya mjane wa Mwaura, na ile ya Wanjiku, ambayo ilinibidi kwanza niulize iko wapi.